Inama Mpaka Pale Unapoanza Kuumia

Maneno ya kalamu nililetewa kwenye bomba la maji, nikayabeba pamoja na ndoo mpaka nyumbani. Ndoo niliitua. Yale maneno hayakutua.

Aliyeniambia ni jirani yangu, Mama Pacha, ambaye shemeji yake alitoka jeshini na goti bovu, kwa hiyo mambo ya jeshi anajiona anayajua yote.

"Mwenzangu, nasikia mwanao anaitwa bodi," akasema. "Mwambie ajihadhari na kalamu."

"Kalamu gani tena?"

"Ya daktari. Anaongea na mtu vizuri, anamchekea, halafu anaiangusha chini kama bahati mbaya. Mwanao akiinama kuiokota tu, kwisha habari yake. Wanaandika kwamba mgongo ni mzima, anarudi nyumbani mikono mitupu."

"Nani kakwambia?"

"Wee! Nani asiyejua?"

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilikuwa nafagia madarasa, maana mimi kazi yangu ni kufagia shule, nikiona kalamu ya mwanafunzi chini ya dawati moyo unapiga paa. Naandika haya kwa ajili ya ninyi wenye watoto jeshini. Elimu yangu ni ya msingi tu, mnisamehe nikikosea mpangilio, lakini nililoliona nililiona kwa macho yangu haya.

Mwanangu huyu ni wa kwanza kuzaliwa. Jeshini wenzake walimpa jina la Nondo kwa sababu alikuwa amenyooka na hachoki. Siku moja walikuwa nyuma ya lori pamoja na masanduku ya risasi, tairi likaingia shimoni, akarushwa juu na kuangukia kiuno kwenye ukingo wa chuma. Mifupa miwili ya chini ya mgongo ikaharibika. Walimlaza, wakamchoma sindano, wakamfundisha mazoezi, mwisho wakamwambia kazi ya jeshi haiwezi tena. Jina la Nondo likabaki, ila sasa wanaolijua wakilitaja wanacheka nusu, kwa sababu nondo nayo haikunjiki.

Sasa, mtu akiumia jeshini hatolewi hivi hivi. Anapelekwa kwenye bodi ya madaktari, wanampa asilimia za ulemavu wake. Mgongo wanaupima kwa kuinama. Wanaangalia unakunjika mpaka wapi mbele, nyuma na kila upande, na wanaandika kwa digrii, zile za pembe tulizozichora darasa la sita. Mgongo ukikunjika kidogo, asilimia zinakuwa nyingi. Ukikunjika sana, asilimia zinapungua. Ukifikia kiwango chao unabaki na malipo ya kila mwezi pamoja na matibabu ya hospitali ya jeshi maisha yako yote. Usipofika, unapewa mkono wa kwaheri. Mimi hayo malipo sikuyakataa, nani anakataa, lakini nilichokuwa nakililia ni matibabu. Zile sindano na yale mazoezi ndivyo vilivyokuwa vinamsimamisha. Hospitali zetu sisi raia angepewa vidonge na pole.

Na pale nyumbani tulikuwa tunaona. Kutoka kitandani alikuwa anajiviringisha kama gogo mpaka miguu iguse sakafu, ndipo anajisukuma kwa mikono. Soksi anavalishwa na mkewe. Mjukuu wangu, binti yake, akitaka kubebwa anapanda kiti kwanza, kisha anamrukia baba yake shingoni. Hakuna aliyemfundisha. Alijua mwenyewe kwamba baba hashuki chini.

Lakini muulize, "Mwanangu, umeamkaje?"

"Niko sawa."

Utamuona amekunja uso, jasho limemtoka kwa sababu ya kuvaa suruali tu. Niko sawa.

Wiki ile ya bodi nikamwambia habari ya kalamu. Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mama, usiniue. Hiyo kalamu hata nikitaka kuiokota, mgongo wenyewe utakataa."

"Basi chukua fimbo. Tembea nayo wakuone."

"Natembea na fimbo mimi?"

"Siku moja tu, baba."

"Mama, nikienda na fimbo ambayo huwa siitumii, nitakuwa nimesema uongo kwa mti."

Mkamwana wangu akanivuta jikoni. Ni mtu wa maneno machache huyu. "Mama, mwache. Tukimsukuma sana atagoma kwenda kabisa." Nikamwacha, lakini roho ilikuwa juu.

Siku yenyewe akaamka, akanyoa ndevu. Shati limepigwa pasi mpaka mikono ina ncha. Viatu mkewe alivipiga rangi, akamvalisha, akamfunga kamba. Kwa vile safari ilikuwa ndefu na barabara mbovu, akameza vidonge vyake vya maumivu, akaongeza kimoja ili aweze kukaa garini. Mkewe akamfunga kitambaa kipana kiunoni, kikakaza vizuri chini ya shati. Sisi tuliona ni busara. Tulitaka afike salama. Hakuna aliyefikiria kwamba tunampeleka kupimwa mgongo uliotulizwa na kufungwa.

Pale kwenye bodi kuna ukumbi wenye mabenchi ya mbao, ukuta umepakwa rangi ya kijani nusu na nyeupe nusu. Walikuwa wamejaa wanaume wa kila aina ya kuumia. Kando yetu alikaa fundi magari wa jeshi, mtu mzima mwenye mvi. Mwanangu akamsalimia, akamuuliza, "Kaka, wewe una tatizo gani?"

"Saa tatu kasoro," akajibu fundi.

Watu wakaangua kicheko. Kumbe amekuja kwa ajili ya masikio. Akainama karibu yetu akasema kwa sauti ya chini, "Nimesikia, nawatania. Lakini msimwambie daktari."

Upande wa pili alikaa dereva wa malori, mnene, amekaa kwa paja moja kama anayetaka kuondoka. Naye tatizo lake lilikuwa mgongo. Akamtazama mwanangu kuanzia viatu mpaka kola. "Kijana, umekuja kupimwa au kukaguliwa?"

"Kupimwa."

"Mbona umejipamba kama uko kwenye gwaride?"

"Ndivyo nilivyozoea."

"Haya. Mimi mwaka jana niliingia mle ndani nikawaambia kila kitu. Kwamba chooni nashika ukuta. Kwamba suruali navaa nikiwa nimelala. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini nilisema, bwana, na leo wananipima upya. Mficha uchi hazai."

Mwanangu akageuza uso akatazama dirisha. Nilimjua. Alikuwa anasema moyoni, mimi si wa hivyo.

Basi kila afisa akipita kwenye korido, mwanangu ananyanyuka wima, mikono ubavuni. Anapita wa kwanza, juu. Anapita wa pili, juu. Wengine wamekaa zao. Dereva akamwambia, "Kaa chini wewe, sisi ni wagonjwa, tumesamehewa."

"Nikikaa sitajisikia vizuri."

"Na ukisimama unajisikia vizuri?"

Alipopita wa tatu, akanyanyuka tena. Niliona mkono wake umeshika ukingo wa benchi kwa nguvu.

Tukaitwa. Waliniruhusu kuingia kwa sababu ndimi niliyemsindikiza, nikakalishwa kwenye kiti pembeni mwa mlango. Daktari alikuwa mwanamke, ana cheo cha meja, macho yamechoka, sauti ya upole. Mimi sikumtazama usoni. Nilitafuta kalamu. Nikaiona: imefungwa kwa uzi kwenye ubao wake wa kuandikia. Hata angetaka kuiangusha isingefika chini. Nikashusha pumzi ndefu. Nikasema moyoni, tumepona.

Jamani, nilikuwa nalinda mlango, mwizi kashaingia dirishani.

Daktari akatoa kidude cha plastiki chenye mikono miwili, kinafunguka kama bikari ya kwenye mkebe wa hesabu. Akakiweka ubavuni mwa mwanangu. Akasema taratibu kabisa, na haya maneno nayakumbuka moja moja: "Inama mbele mpaka pale unapoanza kuumia, kisha simama hapo."

Mwanangu alisikia neno moja tu. Inama. Na limetoka kwa meja.

Akainama. Vidole vikapita magotini. Vikaendelea. Mimi mama yake sijamuona akifika pale tangu siku ya lori. Nikaona mishipa ya shingo imemsimama, tone la jasho likadondoka sakafuni mbele ya kiatu.

"Unaumia?" daktari akauliza.

"Hapana, afande."

"Hata kidogo?"

"Kidogo tu, afande. Kawaida."

"Rudia tena mara tatu." Akarudia, kila mara mpaka chini. Daktari anasoma kidude, anaandika. Akamgeuza huku na huku, akampima nyuma, akampima ubavu. Kisha akaweka ubao chini, akamuuliza, "Kuna siku hali inakuwa mbaya kuliko leo? Siku huwezi kutoka kitandani, huwezi kuvaa nguo?"

Nikasema moyoni, hapo sasa. Sema, mwanangu.

"Niko sawa, afande."

Nikafungua mdomo. "Daktari, huyu soksi…"

"Mama!" Mwanangu hakunitazama hata. Alisema vile vile akiwa wima.

"Mama, tulia," daktari akasema. "Mwache ajibu mwenyewe, mgongo ni wake."

Ikawa basi. Akapiga mguu chini, saluti, tukatoka.

Tulifika mpaka kwenye ngazi za nje. Pale ndipo mgongo ukamkamata. Alisimama ngazi ya kati, mguu mmoja mbele, hasogei mbele harudi nyuma, anapumua kwa meno. Dereva na yule fundi walitoka wakamshika makwapa, wakamlaza kwenye benchi la mlinzi. Fundi akamwambia, "Ulikuwa unamfurahisha nani mle ndani?" Safari hii hakutania.

Nikarudi mbio. Nilimkuta daktari koridoni anafunga mlango. Nikamwambia njoo umuone, njoo umuone sasa hivi alivyo. Akaja kweli, sitamsema vibaya. Akamtazama, akaagiza apewe sindano. Halafu akanivuta kando.

"Mama, ninakuamini. Lakini mimi naandika nilichopima na nilichoambiwa. Nimemwambia asimame pale anapoanza kuumia, hakusimama. Nimemuuliza kama anaumia, amekataa. Nitaongeza kwamba alikamatwa na maumivu baada ya kipimo. Zaidi ya hapo, majibu yakitoka anaweza kukata rufaa. Lakini aje aseme yeye. Si wewe."

Majibu yakatoka. Asilimia zilikuwa chini ya kiwango. Matibabu yangekoma mwisho wa mwezi uliofuata.

Mwanangu aliyasoma, akaikunja ile karatasi, akaiweka mfukoni, akaenda kusimama mlangoni. Yeye akiwa na jambo hakai, anasimama. Nikamwendea.

"Mwanangu, tukate rufaa."

"Nitawaambia nini?"

"Ukweli."

"Mama, nilisimama mbele ya meja nikasema siumwi. Leo niende niseme naumwa? Nitaonekana mwongo, nataka vya bure."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sijafa."

"Haya. Endelea kutokufa basi."

Tulikaa hivyo siku nyingi, nyumba imenuna. Mama Pacha akaja kuuliza, "Kalamu ilidondoka?" Nikamwambia haikudondoka. Akasema, "Basi watakuwa wamebadilisha mbinu."

Aliyekata shauri ni yule asiyesema. Asubuhi moja mwanangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anangoja kuvalishwa, mlango uko wazi, mimi naosha vyombo uani, naona yote. Mkewe akaja na soksi. Badala ya kuchuchumaa, akaziweka pajani mwa mumewe.

"Vaa."

"Unasemaje?"

"Vaa soksi, mume wangu. Umemwambia meja huumwi. Mimi nakuamini wewe kuliko mama. Vaa."

Akadhani ni utani. Akacheka kidogo. Mkewe hakucheka, akafunga mikono kifuani, akasimama. Mwanangu akachukua soksi moja. Akajaribu kuinua mguu, ukafika nusu. Akajaribu kuinama, akafika pale anapofika kila siku ambapo sisi sote tunapajua. Akajaribu kuirusha ile soksi kama anavua samaki, apate kuidaka kwa kidole gumba. Binti yake akaja, akaona ni mchezo, akapiga makofi. Ndipo akaacha. Alikaa na soksi mkononi, akasema bila kumtazama mtu, "Sawa. Nitakata."

Mkewe akachuchumaa, akamvalisha. Mimi nikarudi kwenye vyombo vyangu, machozi yananitoka kwenye povu la sabuni.

Siku ya rufaa hakumeza kidonge cha ziada, na kitambaa hakufunga. Aliumia njia nzima. Mimi safari hii nilibaki nje, akaingia na mkewe, na haya yafuatayo ni maneno ya mkewe. Daktari alikuwa mwingine, mwanamume mzee wa miwani. Akapima, kisha akafungua faili, akatazama, akatazama tena.

"Mara ya kwanza uliinama digrii sabini. Leo thelathini. Ipi ya kweli?"

"Zote mbili, afande."

"Haiwezekani."

"Ile ya kwanza niliinama kwa amri, afande. Nilishakuwa naumia kabla sijafika nusu. Leo nimesimama pale ninapoanza kuumia, kama mnavyotaka."

"Mbona hukusema siku ile?"

Mkewe anasema mzee alivua miwani akangoja. Kisha mwanangu akasema, "Sikujua kwamba inaruhusiwa." Akaendelea, akaeleza soksi, akaeleza choo, akaeleza kujiviringisha kitandani, akaeleza mtoto na kiti. Yote kwa sauti ile ile ya kutoa ripoti, macho ukutani. Alipotoka alikuwa amelowa kama aliyenyeshewa.

Basi mtauliza alipata nini. Alipandishwa, lakini si mpaka pale alipostahili. Walichukua kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, kwa sababu kilichoandikwa kimeandikwa, hakifutiki kwa machozi ya mama. Asilimia hizo za katikati zinatoa matibabu tu, kwa hiyo matibabu amerudishiwa. Malipo ya kila mwezi hakupata. Na kila baada ya muda ataitwa apimwe upya, na kila daktari mpya atafungua lile faili, ataona sabini, atamuuliza ipi ya kweli, naye itabidi aanze upya kueleza choo na soksi kwa mtu asiyemjua. Ameshachoka. Sote tumechoka. Juzi ilikuja barua nyingine ya kuitwa, akaisoma, akaniambia, "Mama, nenda wewe." Tukacheka, kisha hatukucheka.

Dereva yule wa malori tumesikia alifika kiwango. Mgongo wake na wa mwanangu sijui upi ni mbovu zaidi. Yeye alisema tu.

Ninyi wenye watoto, waume na kaka jeshini, waambieni mapema, kabla hawajaitwa. Haya ndiyo ya kuepuka:

Asimeze dawa ya ziada asubuhi ya kipimo. Kama dawa haiachiki, amwambie daktari amemeza nini na saa ngapi.

Asifungwe kitambaa wala mkanda kiunoni bila kumwambia daktari.

Asipitilize pale maumivu yanapoanzia, hata anayempima akiwa jenerali.

Asiseme "niko sawa" wala "kawaida" wala "kidogo tu."

Asieleze siku nzuri akaacha siku mbaya.

Asiongeze chumvi pia. Akilia kwa kuigiza wanajua.

Asiende peke yake, lakini anayemsindikiza asimsemee.

Asikae na majibu mabaya mfukoni. Rufaa ina muda wake, ukipita umepita.

Na msisikilize habari za kwenye bomba.